Sababu Nyingine, Eleza

Mke wangu alipoanza kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya afya, watu walinipongeza mimi. Fundi, hongera, sasa utalala nyumba moja na daktari. Niliwaambia si daktari, ni muuguzi anayetafuta shahada ya pili, wakasema ni yale yale. Basi nikazipokea hongera zao, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Leo mtu akinipongeza namwangalia tu mpaka aondoke.

Mimi natengeneza majokofu. Karakana yangu ni kibaraza cha mbele cha nyumba, na mtu akipita barabarani ataona majokofu yamepangwa pale milango wazi, yananisubiri. Mke wangu yuko wodini kwenye hospitali kubwa. Wagonjwa wanamwita Sista, mtaa mzima unamwita Sista, na mimi nilianza kumwita hivyo kwa utani wakati wa uchumba, jina likamganda. Nikimwita jina lake halisi anajua nimekasirika.

Mama mkwe alikuja kukaa kwetu kwa sababu ya presha. Alianguka bafuni kwake, majirani wakamwahisha kupimwa, na mashine ikasoma namba zilizomfanya Sista akae chini. Siku ile ile tukaenda kumchukua, na hakubisha. "Nina mtoto muuguzi, halafu nife kwa presha?" alisema. "Si nitachekwa mpaka kaburini."

Alikuwa mwanamke wa heshima zake, mnyoofu, mcheshi akitaka. Ujanani alifanya kazi ofisi ya simu, zama zile za kuunganishiwa laini na mtu. Alikaa na vile vidude masikioni akisikia ndoa za watu zikivunjika, biashara zikifa, wakubwa wakilia. Tukimchokoza atusimulie alikuwa anafunga mdomo kwa vidole viwili. "Nimebeba siri za mji mzima," alikuwa akisema, "na sijadondosha hata moja."

Kliniki walimpa kidonge kimoja cha kunywa kila asubuhi, kile cha kushusha presha kwa kutoa maji mwilini. Kazi ya kidonge kile ni moja: kukupeleka chooni. Siku za mwanzo Mama alicheka sana. "Hiki kidonge kinanituma kama tarishi," alisema. "Nikirudi tu, kishaandika barua nyingine." Na nyumba yetu aliyeichora sijui alikuwa na ugomvi na nani, maana ukitoka chumba cha wageni ni lazima uvuke sebule nzima ndipo ufike chooni. Kwa hiyo kila asubuhi tulimsikia Mama na kandambili zake, chwa, chwa, akienda, na chwa, chwa, akirudi. Nilikuwa kibarazani na mabomba yangu ya gesi, na ile sauti nilishaizoea.

Sasa nikueleze kuhusu hicho chuo kikuu. Ni chuo cha umma, na wasemao elimu haina mwisho nadhani walisomea pale. Sista aliingia na wenzake darasani, wakamaliza masomo ya darasani vizuri, kisha ukaja utafiti, na hapo ndipo watu wanapozikwa wakiwa hai. Alipewa msimamizi ambaye wanafunzi walimpa jina la Rudia, kwa sababu ndilo neno pekee aliloandika kwenye kazi ya mtu. Unampelekea sura ya kwanza ya tasnifu, anakaa nayo mpaka umeshasahau uliandika nini, halafu inarudi na neno moja la wino mwekundu pembeni. Rudia. Turudie nini, mzee? Hasemi. Mlangoni kwake kulikuwa na kikaratasi kilichobandikwa, "Niko kikaoni," kimekaa mpaka gundi imekuwa ya njano. Sista alikaa kwenye benchi la korido ile pamoja na watu wazima wenzake, wauguzi, wafamasia, baba mmoja mwenye mvi, wote wamebeba bahasha magotini wanasubiri wito.

Mara wahadhiri wakagoma. Mara mfumo wa kompyuta ukafa na kumeza usajili wake. Mara kamati ya maadili ya utafiti haikukaa kwa sababu mwenyekiti alisafiri. Alipigwa kalenda mpaka chuo chenyewe, kilichomchelewesha, kikamwandikia kwamba amechelewa: asipowasilisha tasnifu kabla mwaka wa masomo haujaisha, anafutwa, na alichosoma chote kinahesabika hakusoma.

Nilimwona akiisoma barua ile. Hakulia. Aliikunja, akaenda kuomba zamu za usiku hospitalini ili apate mchana wa kuandika. Na hivyo ndivyo sebule ilivyokufa.

Mada yake ilikuwa hii: kwa nini wagonjwa wa presha wanaacha dawa. Alikusanya makala za watu waliotafiti jambo hilo duniani kote, akazipiga chapa, na kwa vile meza yetu ilikuwa imekaliwa na kompyuta na printa, akazipanga sakafuni kwa mafungu. Fungu la wanaosahau. Fungu la wanaoogopa madhara ya dawa. Fungu la wanaodhani wamepona. Fungu la wenye imani zao. Kila asubuhi akitoka zamu, macho mekundu, alivua viatu vya kazi, akapiga magoti na kuanza kuhamisha karatasi kutoka fungu hili kwenda lile. Feni ilipigwa marufuku isije ikapeperusha. Tuliiva kwa joto humo ndani kama maandazi, na asiyekuwa na shida ya kupita hakupita.

Mama alikuwa na shida ya kupita.

Siku yenyewe naikumbuka kwa sababu Rudia alikuwa amerudisha sura ya pili, na kurudisha kwenyewe ni mara ya tatu. Sista alikuwa amepiga magoti katikati ya mafungu yake. Mama akatoka chooni, kandambili zimelowa, akajaribu kuruka fungu moja, akakanyaga la pili. Karatasi ikamnasa mguuni na wino ukachuruzika.

"Mama, jamani!" Sista alipiga kelele mpaka mimi kibarazani nikaacha spana. "Kila saa chooni, kila saa chooni! Nimepanga hizi tangu asubuhi! Huoni unapokanyaga?"

Mama alisimama mguu mmoja juu. Akaitoa ile karatasi wayoni taratibu, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akamrudishia.

"Samahani, mwanangu," alisema.

Mzazi kumwomba mtoto samahani ni jambo zito, lakini uchovu haupimi uzito wa kitu. Sista aliichukua karatasi, akaipuliza, akarudi kwenye kazi. Jioni aliomba radhi, nisimsingizie. Alimshika Mama mabega na kumwambia ni akili imechoka, asiyaweke moyoni. Mama akasema, "Mimi nimeshasahau, wewe unakumbuka nini?" Yakaisha.

Ila tangu siku ile Mama alivuka sebule kwa kupita ukutani. Alivua kandambili mlangoni kwake, akaegemeza kiganja ukutani, akapita kiupandeupande nyuma ya makochi, akashika kabati, akajipenyeza mpaka mlango wa choo, macho hayatoki sakafuni. Akirudi ni hivyo hivyo. Na siku zilivyosonga, hata hizo safari zikapungua. Nilidhani mwili umeizoea dawa. Na hata ningedhani vingine, ningesema nini? Mtu hamhesabii mkwe wake safari za choo. Kuna mambo mkwe hayaoni hata akipewa macho manne.

Hatimaye kamati ya maadili ikakaa na kibali kikatoka. Kabla ya kwenda kuwahoji wagonjwa kliniki, Sista alitakiwa kulijaribu dodoso lake, yaani yale maswali, kwa watu wachache wanaofanana na wagonjwa wenyewe. Rudia siku hiyo alipata maneno zaidi ya moja, na Sista akaja nayo nyumbani ameyakariri. "Majaribio si data," alisema Rudia. "Unapima swali, humpimi mtu. Angalia kama swali linaeleweka na linachukua muda gani. Majibu yenyewe utayatupa."

Na nani anafanana na mgonjwa wa presha kuliko mgonjwa wa presha aliyeko chumba cha pili?

Mama aliposikia atahojiwa alioga, akavaa gauni la kutokea, akaja kukaa kwenye kochi amenyooka kama anapigwa picha. Mimi niliitwa kutoka kibarazani, nikanawa grisi, nikapewa simu nishike saa. Sista alikaa mkabala naye na ubao wake wa kuandikia.

"Mama, ukishindwa kujibu sema lolote tu," alimwambia kwanza. "Leo tunaangalia maswali, hatukuangalii wewe." Kisha akajikohoza. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo umenisalimia kama mgeni."

"Leo mimi si binti yako. Mimi ni mtafiti kutoka chuo kikuu."

"Haya, karibu mtafiti. Binti yangu je, katoka?"

"Katoka."

"Afadhali. Siku hizi ana hasira huyo!"

Nilicheka mpaka simu ikanitoka. Sista naye alicheka, akanikonyeza nianze kuhesabu, akasoma ule utangulizi wa kumwomba mtu ridhaa: kwamba kushiriki ni hiari, kwamba unaweza kuacha wakati wowote, kwamba majibu yako yatakuwa siri na hayataonyeshwa kwa ndugu yako wala kwa anayekuhudumia.

Mama akainua kidole. "Hapo pa siri. Hata binti yangu hataambiwa?"

"Hata binti yako."

"Kweli?"

"Ndiyo maadili ya utafiti, Mama. Nikivunja nanyang'anywa kibali."

"Haya." Akakaa vizuri zaidi. "Mimi siri naijua. Uliza."

Maswali ya mwanzo yalikwenda haraka: umri, elimu, unaishi na nani, umeambiwa una presha tangu lini. Mama alijibu kama mwanafunzi mzuri, na kila jibu Sista alimuuliza kama swali limeeleweka, kisha akaweka alama. Wakafika swali la saba.

"Katika wiki iliyopita, kuna siku ambazo hukunywa dawa yako ya presha?"

Mama aliangalia mikono yake, akaigeuza. Nikaona sekunde zinakwenda, nikaogopa dodoso litaonekana refu.

"Zipo," alisema.

"Ni siku ngapi?"

"Zote."

Mimi nilicheka tena. Nilidhani ni mwendelezo wa mchezo, ule wa binti katoka. Sista alitabasamu bila kuinua uso.

"Swali limeeleweka, Mama? Halina neno gumu?"

"Halina."

"Ningeliuliza kwa namna nyingine ingekuwa rahisi zaidi kwako?"

"Hapana, mwanangu," Mama alisema, na hapo alisahau kwamba anaongea na mtafiti. "Umeuliza vizuri."

Sista akaweka alama. Swali la nane lilikuwa la sababu: unasahau, dawa inakusumbua mwili, unajisikia umepona, na kuendelea mpaka ya mwisho kabisa, sababu nyingine, eleza. Akaligonga kwa kalamu. "Hili lina maelezo marefu, tunaliruka. Leo ni majaribio tu. Fundi, muda?"

Mama alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Nikataja muda, Sista akafurahi, dodoso halikuwa refu. Mtafiti aliahidi siri na kweli akaitunza. Aliitunza vizuri mno, hata Sista hakuipata.

Baada ya hapo alizama. Asubuhi kliniki na wagonjwa, jioni kuandika, usiku zamu. Mashine ya presha ya nyumbani, ile tuliyomnunulia Mama, nayo ikaenda kufanya uzamili, maana za kliniki zilikuwa mbovu na mtafiti anatakiwa apime. Akiondoka alikuwa anauliza akiwa mlangoni, mkoba begani, "Mama, dawa umekunywa?" Na Mama anaitikia kutoka chumbani, "Nimekunywa." Huyo aliyeuliza alikuwa binti yake. Mafungu yaliendelea kutanda, sasa si makala tena, ni mahojiano ya wagonjwa wenyewe, na Sista alikuwa anakuja kuniambia kwa furaha ya mtu aliyepata kitu, "Unajua wengi wanatudanganya? Tunawauliza wodini wanasema wanakunywa. Ukiwaahidi siri, ndipo wanasema kweli."

Aliniambia hivyo akiwa amesimama sebuleni. Mama alikuwa chumbani, mlango wazi.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Nilikuwa nimefungua jokofu la mwenye duka la nyama nikasikia kitu kimeanguka ndani, kitu kizito. Nikaita, "Mama?" Kimya. Nikaingia kwa kuzunguka mafungu, hata mimi nilishafundishika, nikafika mlangoni kwake nikapiga hodi. Nikapiga tena. Tangu ahamie kwetu sikuwa nimewahi kuingia chumba kile. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ambavyo mtu mwenye akili angesimama, nikisema hodi Mama, hodi Mama, kama mjinga.

Nilipofungua alikuwa sakafuni kando ya kitanda. Mdomo umekwenda upande. Aliniona, na jambo la kwanza alilofanya kwa mkono uliobaki hai ni kuvuta gauni lifunike magoti.

Nilimbeba. Nilipita naye katikati ya sebule, juu ya karatasi zote, nikamlaza kwenye pikapu ninayobebea majokofu, jirani akakaa naye nyuma na mimi nikaendesha. Simu ya Sista iliita tu. Alikuwa kwenye benchi la korido, simu ameizima mlio, kwa sababu Rudia hapendi simu.

Alitukuta mapokezi ya dharura, hospitali yake mwenyewe, wenzake wamemzunguka Mama. Daktari kijana, mpole, alimuuliza anachouliza kila mtu.

"Alikuwa anatumia dawa?"

"Kila siku," Sista alisema. "Anaishi kwangu."

Daktari akaangalia namba za presha, akamwangalia Sista. "Hii si presha ya mtu anayekunywa dawa, Sista."

Ndipo likanirudia. Sikutaka kulisema. Lilitoka lenyewe.

"Swali la saba," nilisema.

"Nini?"

"Alikuambia. Tulikuwa wote pale. Ulimuuliza siku ngapi, akasema zote."

Alinitazama kama mtu anayetafsiriwa lugha asiyoijua. "Yale yalikuwa majaribio," alisema. Alilisema kwa sauti ya kujitetea, kama yuko mbele ya Rudia. Halafu akalirudia polepole, "Yale yalikuwa majaribio tu," na katikati ya kulirudia akateremka ukutani mpaka chini, na sare yake, mbele ya wagonjwa. Wenzake walimwinua. Mwanamke mmoja kwenye foleni akamnong'oneza mwenzake, mganga hajigangi. Nilitaka nimpige. Sikumpiga kwa sababu hakukosea.

Vidonge tulivikuta kwenye pochi ya zamani ya Mama, ile ya kazini, vimepangwa vizuri, pakiti kwa pakiti, kila alichopewa kliniki kwa miezi. Havikutupwa. Mama hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Hakufa. Watu husema hivyo wakitufariji, kwamba tushukuru hakufa. Upande wa kulia ulikwenda, na maneno yakaenda yote. Yule aliyebeba siri za mji mzima alibakiwa na sauti moja, "e," na kichwa cha kukubali na kukataa. Akili ilikuwa timamu, hilo liko wazi, ukitania macho yanacheka.

Sista alitaka kujua kwa nini. Ilimla usiku na mchana. Alijua sababu zote zilizowafanya binadamu waache dawa duniani, alikuwa nazo sakafuni kwa mafungu, na ya mama yake hakuwa nayo. Siku moja nikamkuta amekaa kando ya kitanda na dodoso mkononi, swali la nane.

"Mama, ulikuwa unasahau?"

Mama akakataa kwa kichwa.

"Dawa ilikuwa inakusumbua mwili?"

Akakataa.

"Ulijisikia umepona? Kuna mtu alikuambia uache? Uliogopa?"

Hapana. Hapana. Hapana. Sista akashuka na kalamu mpaka chini kabisa.

"Sababu nyingine?"

Mama akakubali.

Neno linalofuata pale kwenye karatasi ni "eleza." Sista alilitazama neno lile. Mama alifungua mdomo, akajitahidi mpaka mshipa wa shingo ukasimama, ikatoka "e." Akajaribu tena. "E." Sista akaangusha karatasi, akalala kifuani kwake, na mkono mmoja wa Mama ukampapasa kichwani.

Nilimwambia aache chuo. Alisema aache abaki na nini. Akaandika ile tasnifu kama mtu anayechimba kaburi, bila kusimama, bila kuongea, na Rudia kwa mara ya kwanza hakuandika rudia. Nadhani alisikia habari. Siku ya kuitetea nilivaa shati la harusi za watu, nikakaa kiti cha nyuma kwenye chumba chenye dari iliyovuja. Watahini walikaa mbele na chupa zao za maji.

"Dodoso lako ni zuri," alisema mtahini mkuu, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba. "Maswali yanaeleweka. Lakini hili la saba, watu wengi hulijibu kwa uongo. Ulipolijaribu, uliona linaweza kumfanya mtu aseme kweli?"

Sista alilifunua dodoso mpaka swali la saba.

"Mtu wa kwanza niliyemuuliza alisema kweli," alijibu.

"Ulijuaje?"

"Sikujua."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni unyenyekevu. Mtahini naye akatabasamu na kuandika kitu. Wakamfaulisha, marekebisho madogo tu. Wenzake wa benchi walimkumbatia, yule baba mwenye mvi akatokwa na machozi, akasema kumbe inawezekana.

Tulipanda pikapu tukarudi nyumbani. Jioni ile ile alikusanya mafungu yote, akayafunga kwa kamba, nikayapakia kwenye boksi la jokofu na kulitoa nje. Alifagia, akapiga deki. Akawasha feni. Sebule ilikuwa kubwa, nilishasahau. Katikati hapakuwa na kitu chochote, sakafu tu.

Kisha Mama akagonga ubavu wa kitanda kwa mkono wake mzima, ishara yake ya haja. Sista alikwenda kumwinua. Wakatoka chumbani wameshikana, mguu mmoja unatembea na mwingine unaburuzwa, nami nikasimama niwapishe. Njia ilikuwa nyeupe, moja kwa moja mpaka mlango wa choo.

Mama akakunja kona. Akamvuta Sista kuelekea ukutani.

"Mama, pita hapa katikati," Sista alisema. "Ni karibu. Hakuna kitu."

Mama akakataa kwa kichwa. Akaweka kiganja ukutani. Akaanza kujipenyeza nyuma ya makochi kiupandeupande, mguu uliokufa unakwama kwenye miguu ya kochi, yeye anauvuta, anapumua kwa nguvu, macho hayatoki kwenye sakafu tupu. Akafika kwenye kabati, akalishika.

Sista alimwachia. Alisimama pale pale, mikono hewani. Nilimwona akiiangalia sakafu, kisha mlango wa choo, kisha mlango wa chumba cha Mama, kisha sakafu tena.

"Ni karatasi?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Mama, ni karatasi zangu? Hukutaka kuzikanyaga?"

Mama akageuza uso. Akamtazama binti yake kwa upole, ule wa mtu aliyeulizwa vizuri. Akakubali kwa kichwa.

Halafu akaendelea, kwa sababu alikuwa na haraka ya choo, na Sista akamfuata nyuma, naye akipita ukutani.